Waraka wa wazi kwa Mamlaka ya Serikali Mtandao: Mikereng'ende ifike kwenye karatasi ikiwa nzima

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Serikali Mtandao,
Dodoma.

YAH: MAJINA NA NAMBA ZINAZOPOTEA KATI YA MFUMO NA PRINTA

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia kutoka Miteja, wilayani Kilwa, kando ya barabara kuu iendayo Lindi, ambako nina steshenari. Natoa fotokopi, nachapa barua na mitihani ya shule, napiga picha za pasipoti, na msimu wa mazao ukifika nachapa karatasi za wakulima wa ufuta na korosho. Sikuandikii habari ya umeme kukatika wala mtandao kusuasua. Hayo yana wenyewe, na sisi tumeshayazoea. Nakuandikia juu ya hatua moja fupi ambayo haionekani kwenye skrini wala haitajwi kwenye semina, nayo ndiyo inayowaharibia watu karatasi zao: pale mfumo unapoikabidhi skripti ya kuchapa jina la mtu, kijiji chake na kilo zake.

Najua utauliza mfumo gani. Sitautaja, na si wenu. Umeletwa na watu wengine kwa nia njema, na waraka huu si wa kumshitaki mtu. Nakuandikia wewe kwa kuwa Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliipa Mamlaka kazi ya kuweka viwango vya mifumo ya taasisi za umma na kusimamia vifuatwe. Kiwango ninachokiomba ni kidogo. Ila ili ukione ni kidogo, sharti kwanza uone kinachotokea.

Karani wa chama cha msingi akibonyeza "chapa", mfumo hauipelekei printa karatasi iliyokwisha andikwa. Kwanza unaiita skripti, yaani faili fupi la amri, na kuikabidhi vitu vinavyobadilika kwa kila mkulima: jina, kijiji, namba ya simu, kilo, makato. Skripti inavipanga kwenye fomu, inaiingiza fomu kwenye foleni ya printa, na karatasi inatoka. Kwenye mashine nyingi za Linux foleni hiyo huendeshwa na CUPS, programu iliyotoka mwaka 1999, nayo ina utaratibu wake ulionyooka wa kukabidhi vitu: kila kichujio cha CUPS hupewa namba ya kazi, jina la mtumiaji, kichwa cha waraka, idadi ya nakala na machaguo, kwa mpangilio huohuo, na pengine faili lenyewe mwishoni. CUPS haina ugomvi na mtu. Ugomvi uko kwenye skripti ambazo mafundi wetu huziweka mbele yake, zinazovipokea vitu kwa kufuata nafasi: cha kwanza ni jina, cha pili ni kijiji, cha tatu ni simu, cha nne ni kilo, cha tano ni makato.

Kupokea kwa nafasi si kosa. Kosa huja pale aliyeandika skripti anaposahau kuvizungushia vitu hivyo alama za mtajo. Bash, ambayo ndiyo inayosoma amri hizo, hukata maneno kwenye kila nafasi tupu inayoikuta. Sasa nakuomba uangalie ramani ya wilaya yetu. Tuna Kilwa Masoko, Kilwa Kivinje, Njia Nne, Songo Songo. Mkulima mwenye jina la neno moja akiwa wa Kivinje, neno "Kilwa" linakaa kwenye kijiji, "Kivinje" linakaa kwenye simu, simu inasogea kwenye kilo, na kilo zinasukumwa hadi kwenye makato. Karatasi inatoka safi, ina nembo na mstari wa sahihi, nayo inasema mkulima huyu ameleta kilo za ufuta zenye tarakimu kama za namba ya simu, na kwamba atakatwa kiasi kilekile cha kilo alizoleta.

Hilo walau linachekesha, kwa hiyo karani hulistukia. Baya ni lile lisilochekesha. Bash ikikuta neno mahali pa namba kwenye hesabu, hailalamiki. Hulichukua neno hilo kuwa jina la kibadilika, hukitafuta, na ikikikosa huweka sifuri na kuendelea na kazi. Skripti fupi isiyobeba simu ikimpokea mtu wa Songo Songo, Songo ya kwanza inakuwa kijiji na Songo ya pili inakuwa kilo. Kilo zikipita kwenye hesabu, jumla ni 0. Jumla hiyo haina tangazo la kosa wala wino mwekundu, na sifuri kwenye orodha ndefu ya watu haimtoi karani usingizini, maana wapo pia ambao kweli hawakuleta mzigo wiki hiyo.

Halafu yupo bibi asiye na simu. Karani anaacha sehemu ya simu wazi, kama inavyotakiwa. Kitu kitupu kisichozungushiwa alama za mtajo, Bash hukiacha kabisa, kana kwamba hakikukabidhiwa. Vyote vilivyobaki vinarudi nyuma hatua moja: kilo zinakaa kwenye simu, makato yanakaa kwenye kilo, na penye makato hapana kitu. Mwenye simu mbili mfukoni karatasi yake iko sawa. Asiye na hata moja ndiye ya kwake inayoharibika. Sioni kama fundi alikusudia hivyo, lakini ndivyo skripti inavyowachagua watu.

Nimefika kwenye ritifaa, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mafundi wengine, wakishajua habari ya nafasi tupu, huzungusha kila kitu kwa alama moja ya mtajo, ile iliyo sawasawa na ritifaa ya ng'. Kwa Kilwa Masoko dawa hiyo inafanya kazi. Sasa mpe Mikereng'ende, mahali pa huku wilayani kwetu. Wewe uliyeko Dodoma huenda ulilisikia jina hilo kwenye taarifa ya habari, Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi huku kwetu. Bash inafungua alama, inasoma "Mikereng", inakuta ritifaa na kudhani maneno yamekwisha, inafunga. "Ende" inabaki nje. Alama ya mwisho, iliyowekwa kufunga, sasa inafungua kitu kipya ambacho hakina wa kukifunga. Amri nzima inakataliwa, karatasi haitoki, na kwenye skrini ya karani panatokea mstari wa Kiingereza unaolalamikia alama isiyofungwa.

Karatasi isiyotoka si hasara kubwa, kwa sababu mtu ataiuliza. Shida ni pale zinapokutana ritifaa mbili. Tuseme skripti inapokea na ghala, mara tu baada ya kijiji, na mkulima ni wa Mikereng'ende na mzigo wake umeandikiwa ghala la Ng'apa. Alama sasa zimetimia jozi, hakuna iliyobaki wazi, Bash imeridhika. Lakini zilivyopandana, kijiji na ghala vimegandana kuwa kitu kimoja, "Mikerengende Ngapa", ritifaa zote mbili zimeliwa, na kila kilichofuata kimesogea nafasi moja. Ritifaa moja inaizuia kazi na mtu anaona. Mbili zinaipitisha ikiwa imeharibika. Lijaribuni wenyewe kwenye mashine yoyote ya Linux hapo ofisini, halichukui dakika tano.

Jibu ambalo karani hupewa akipiga simu kuulizia ni hili: andikeni bila ritifaa, na majina yenye nafasi yaunganisheni. Yaani SongoSongo, NjiaNne, Mikerengende. Silikubali jibu hilo, na sababu yangu ni ya fedha kabla ya kuwa ya lugha. Tuseme kitambulisho cha taifa cha mtu kina ritifaa. Akaunti ya benki ilifunguliwa kwa kitambulisho hicho. Orodha ya malipo ikienda na jina lisilofanana na la akaunti, malipo yanakaa, na mwenye jina anaambiwa alete barua ya mtendaji wa kijiji kuthibitisha kuwa Ngitu na Ng'itu ni mtu mmoja. Barua hiyo huja kuchapwa kwangu. Mimi napata hela yangu, lakini mtu kulipia ushahidi wa jina lake kwa sababu skripti haikufungwa vizuri ni jambo la aibu.

Na simu za mkononi zimeongeza lao. Kibodi za baadhi ya simu hubadilisha ritifaa iliyonyooka ikawa iliyopinda. Iliyopinda haiivurugi Bash, lakini skripti ikikabidhi maandishi bila kutaja yako kwenye mfumo gani wa herufi, printa ndogo za risiti hutoa katikati ya jina herufi za ajabu. Kwa hiyo mahali pamoja pana majina matatu: lililoandikwa kwenye kompyuta, lililoandikwa kwenye simu, na lililonyolewa na karani aliyechoka. Ukija kujumlisha kilo kwa kijiji mwisho wa msimu, utapata vijiji vitatu.

Niruhusu nitoke nje ya njia kidogo. Mwaka 1944, kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, askari mmoja aliokota sarafu chache mchangani, na baadhi yake baadaye zikatambuliwa kuwa za shaba za masultani wa Kilwa. Zilitambuliwa kwa maandishi yaliyomo. Aliyezipiga, karne nyingi kabla ya sisi, alihakikisha jina la sultani limekaa lote juu ya kipande kidogo cha shaba. Sisi tuna karatasi ya A4.

Ya tarakimu nitayasema kwa ufupi. Bash huichukua namba inayoanza na sifuri kuwa ya hesabu ya msingi wa nane, ambamo tarakimu 8 na 9 hazimo. Skripti inayofanya hesabu na mwezi kama ulivyoandikwa kwenye tarehe huenda sawa hadi Julai, ikagoma mwezi 08 na 09, kisha ikapona yenyewe Oktoba. Minada ya ufuta huanza katikati ya mwaka na ya korosho Oktoba, kwa hiyo ugonjwa huu hujificha kwenye miezi ambayo wengi hawaangalii. Wanaoumia ni walimu, ambao Agosti ndipo wanapochapa majaribio ya darasa la saba. Na namba ya stakabadhi ikiwa 010, hesabu ileile huifanya kuwa 8, kimyakimya.

Umeme nilisema sitauzungumzia, lakini unagusa hili. Ukikatika katikati ya kazi na kurudi, foleni ya printa inaweza kuirudia kazi ileile, kama ilivyopangiwa. Ni vizuri ifanye hivyo. Ila CUPS huikabidhi kila kazi namba yake, na skripti nyingi huipokea namba hiyo na kuitupa. Ingetunzwa, karatasi ya pili ingeweza kutoka na neno NAKALA juu yake. Bila hivyo, mkulima mmoja ana stakabadhi mbili halali kwa mzigo mmoja, na mwaminifu ndiye atakayerudisha moja.

Lipo pia la usiri. Vitu vilivyokabidhiwa kwenye mstari wa amri kwa kawaida huonekana na mtu yeyote aliyeingia kwenye mashine hiyo, muda wote skripti inapofanya kazi. Anachohitaji ni amri moja ya kuorodhesha programu zinazoendeshwa. Majina, simu, namba za akaunti, vyote viko wazi kwa mwanafunzi wa mafunzo ya vitendo aliyeingia humo kutoka kompyuta ya pembeni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sidhani waliosimika mifumo ya kuchapa waliwahi kuisoma wakiwa na mstari wa amri akilini.

Na kama bado kuna anayeona haya ni mambo ya vijijini, atazame yaliyotokea duniani. Septemba 2014 iligundulika kwamba Bash yenyewe, ikikabidhiwa vibadilika vya mazingira vilivyoandikwa kwa ujanja, hutekeleza amri zilizofichwa ndani yake. Mashine za dunia nzima zilikimbizwa kurekebishwa. Septemba 2024 Mtaliano Simone Margaritelli akaonyesha jambo la jamaa hiyohiyo kwenye programu zinazoambatana na CUPS: mtu wa mbali anatangaza printa ya uongo kwenye mtandao, maelezo ya printa hiyo yanabeba amri, mashine yako inayapokea bila kuyahoji, na siku ukituma kazi kwenye printa hiyo amri inatekelezwa. Matundu hayo yamezibwa kwa masasisho. Lakini uzembe ni uleule wa Mikereng'ende, wa kukipokea kitu kutoka kwa mwingine na kukiacha kisomwe kama amri. Kwetu ritifaa ya ukoo wa mtu inavunja karatasi kwa bahati mbaya. Mwenye nia mbaya angeitumia sehemu hiyohiyo ya jina kwa makusudi.

Sasa ombi. Mtoto akitumwa dukani vitu vitano kwa kichwa, atarudi na vinne na kimoja kisicho chake. Akipewa kikaratasi, hata mwenye duka anaweza kukisoma na kuuliza. Skripti nazo zipewe kikaratasi. Mfumo uandike faili dogo lenye kila kitu kwa jina lake, jina, kijiji, simu, kilo, makato, kila kimoja kwenye mstari wake, kwa mfumo wa herufi wa UTF-8, na faili hilo ndilo lisomwe na skripti. Kitu kikiwa kitupu, mstari wake unabaki na jina lake, kwa hiyo hakuna kinachosogea. Ritifaa ndani ya faili ni herufi tu kama herufi nyingine, mradi skripti ilisome faili kama maandishi na isilitekeleze kama amri. Faili linaweza kufungwa lisisomwe na asiyehusika, na kufutwa karatasi ikishatoka. Halihitaji ununuzi wala mkandarasi mpya. Linahitaji mstari mmoja kwenye miongozo yenu unaosema hivyo, na mtu wa kuuliza kama umefuatwa.

Pili, skripti isiyoelewa ilichopewa isimame. Neno likikaa penye kilo, isiweke sifuri; ikatae, na iseme kwa Kiswahili ni mkulima yupi na ni kitu gani. Karani wa chama cha msingi hawezi kurekebisha asichoweza kukisoma.

Na skripti zenyewe ziachwe wazi kusomeka, zikiwa na maelezo ndani yake. Barabara ilipokatika Mei 2024, hata fundi aliyekuwa radhi kuja angebaki ng'ambo ya maji. Hapa Kilwa wapo vijana wanaozijua Linux na printa vizuri kuliko wanavyodhaniwa. Wakifungua faili na kulisoma, watalitengeneza jioni hiyohiyo.

Jambo la mwisho ndilo ambalo ningependa mlianze nalo, maana halihitaji kusubiri mwongozo kupitishwa. Kabla taasisi yoyote haijaupokea mfumo unaochapa karatasi za wananchi, uchapishwe kwanza kwa majina ya kwetu. Aliyeutengeneza ameujaribu kwa Juma wa Ilala, simu anayo, kilo mia kamili, mwezi Machi. Sisi tumjaribishie Ng'itu wa Mikereng'ende, asiye na simu, mwenye majina manne, aliyeleta kilo 87.5 tarehe 9 Septemba, ghala la Ng'apa. Tumjaribishie na jirani yake wa Songo Songo aliyeleta sifuri ya kweli, ili tuone kama mfumo unaweza kuitofautisha na ya uongo. Karatasi zote zikitoka sawasawa, sahihi ya mapokezi itiwe. Moja ikipinda, mkandarasi arudi nao.

Orodha ndefu zaidi ya majina ya kujaribia ninayo tayari, ya kutungwa yote, hakuna mtu halisi ndani yake. Nitaituma kwa yeyote wa ofisi yako atakayeiomba. Mkipenda kuja kuyafanya majaribio huku huku, mashine ipo na printa ipo, karatasi nitatoa mimi. Tona njooni nayo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwenye steshenari,
Miteja, Kilwa.

Nakala: Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa – kwa taarifa.